Vitanda vya Mtu wa Mochwari

Ukitaka kujua Nachingwea ina watu waoga kiasi gani, usiulize habari za fisi. Simama kwenye kibaraza cha duka langu la spea za pikipiki saa za alasiri, umtazame Saturnini akirudi kutoka kazini. Mwanamume mzima mwenye wake wawili na shamba kubwa la mikorosho, anayejisifu kijiweni kwamba aliwahi kuua chatu kwa jembe, utamwona anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande wa pili wa barabara. Anavuka. Bodaboda nusura zimgonge, yeye anavuka tu.

Saturnini ni mhudumu wa mochwari. Ndiye anayewapokea watu wetu pale hospitali, anawaosha, anawanyoosha, kisha anawakabidhi kwa ndugu zao wakiwa nadhifu kuliko walivyokuwa wakiishi. Ni Mngoni wa kule Songea, mrefu, mpole, mwenye sauti ya msoma masomo kanisani. Kazi ndiyo iliyomleta huku Kusini, akaja na mkewe Felomena, mwalimu wa shule ya msingi, na tangu wafike watu wanamsalimia kwa mdomo tu. Mkono hapewi. Akiunyoosha wake, mtu anainama kufunga kamba za viatu, hata kama amevaa kandambili.

Mimi nilimpa mkono tangu siku alipojenga kibanda chake ubavuni mwa duka langu, na msidhani ni wema. Tunachangia luku. Huwezi kumwogopa mtu mnayenunua naye umeme, mtaishia gizani wote.

Alivyoingia kwenye ufundi wa kuchomelea ni kisa cha peke yake. Siku moja kitanda cha magurudumu cha mochwari kilikatika mguu. Akaitwa fundi Rashidy, hodari wa mageti kuliko wote mjini. Rashidy alifika mpaka kwenye geti la hospitali, akauliza kitanda chenyewe ni cha wodi gani, akajibiwa, na hapo hapo malaria ikampanda. Saturnini hakukata tamaa. Alikiosha kitanda kwa dawa mpaka kikang'aa, akakisukuma mwenyewe barabarani, jua la utosi, gurudumu moja likilia kwii kwii. Mama ntilie waliacha sufuria jikoni. Mteja mmoja alikimbia na sahani ya wali mkononi na mpaka leo hajairudisha.

Rashidy alipomwona anakuja na kitanda chake, akapiga kelele kutoka mbali: "Mashine ile pale! Vijiti vile pale! Choma mwenyewe, mimi nipo kwa jirani!"

Basi akachoma mwenyewe. Rashidy alimwelekeza akiwa ng'ambo ya barabara, viganja mdomoni: shusha mkono, usitulie sehemu moja, vaa miwani we mtu utapofuka! Mshono wa kwanza ulitoka kama mavi ya kuku. Lakini mguu ulishika, na Saturnini akarudi hospitali akitabasamu peke yake. Siku za mapumziko akawa anakwenda tena, na Rashidy anavuka tena barabara na kupiga kelele. Ndiye fundi pekee ninayemjua aliyesomea ufundi kwa kufokewa kutoka upande wa pili. Na kwa kuwa alizoea kazi isiyotaka haraka, mishono yake ikaja kuwa mizuri kuliko ya mwalimu wake. Akanunua mashine iliyokwisha tumika, akaweka kibanda cha mabati pale kwangu.

Niliwahi kumuuliza anahangaika nini na cheche, mshahara wa serikali anao, pensheni inamsubiri. Akaweka chini nyundo.

"Stefano," akasema, "miaka yote hii nafanya kazi nzuri, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniambia ahsante. Nataka na mimi mteja asimame kwa miguu yake, anipe mkono, aseme ahsante fundi. Basi."

Nilitaka kucheka, nikamwona usoni, nikaacha.

Akawa mtu wa kazi mbili. Akitoka zamu anaoga, ananawa mikono kwa sabuni ya hospitali mpaka kwenye viwiko, anakuja kibandani. Akimaliza kibandani ananawa tena vile vile kabla ya kurudi zamu. Sijaona mtu anayenawa kama yeye. Ukikaa upande unakovuma upepo, unamsikia kwa harufu ya sabuni kabla hujamwona. Simu yake ikilia huku cheche zinaruka, hujui kama ni mtu wa geti au kuna msiba, na yeye anapokea zote kwa upole ule ule: "Nakuja sasa hivi, vumilieni."

Madirisha na mageti aliuza uza. Dirisha halilaliwi. Balaa lilikuwa vitanda, na vitanda ndivyo vyenye riziki huku kwetu. Hela ya korosho ikiingia, mtu ananunua bati, ananunua pikipiki, na kijana anayeoa ananunua kitanda cha chuma, maana siku hizi hakuna mama mkwe atakayekubali binti yake alazwe kwenye cha kamba. Saturnini akatengeneza vitanda vizuri mno, kichwani kumepindwa maua, miguu imara, rangi haina michirizi. Akavipanga mbele ya kibanda. Vikakaa. Msimu ukapita, kuku wangu wakataga chini yake, wakaangua, vifaranga wakakua.

Kilichouzika ni maneno tu. Mara chuma chake kinatoka kwenye majokofu ya hospitali. Mara ukilala juu ya kitanda chake unaamka umenyooka, mikono ubavuni, na hukumbuki nani alikunyoosha. Kuna mmoja aliapa kwamba shemeji yake alilala mara moja tu akaitwa kwa jina na bibi yake aliyekufa mwaka wa njaa. Nikamuuliza shemeji huyo anaishi wapi nimfuate. Akasema amehamia Tunduru. Mashahidi wote wa uongo wa Nachingwea wanahamia Tunduru.

Felomena akachoka. Alikuja pale kibandani akiwa bado na chaki vidoleni, akasimama katikati ya vitanda. "Baba Doris, msimu huu wa korosho ukiisha na hivi vitanda bado viko hapa, tunaiuza mashine, tunanunua shamba Marambo. Mikorosho haiulizi mwenyewe anafanya kazi wapi." Saturnini hakubisha. Alikuwa anajua mkewe akisema hivyo ameshaongea na mwenye shamba.

Kwa hiyo kijana Imrani wa Mandawa, kule Ruangwa, alipokuja na pikipiki yake kutafuta kitanda cha harusi, hata mimi nilimwomba Mungu. Kijana mgeni, hajui lolote. Akashuka, akapapasa chuma, akakalia ukingo, akaruka ruka.

"Oya fundi, hiki noma! Ila mimi mrefu, miguu isije ikaning'inia. Unaweza kunipimia cha kwangu?"

Mfanyabiashara mwenye akili angechukua tepu. Saturnini kwa furaha yake akasahau yuko kazi ipi. Akarudi nyuma hatua, akamtazama kijana polepole kutoka utosini mpaka kwenye vidole vya miguu, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika.

"Usijisumbue, nimeshaona," akasema kwa ile sauti ya kanisani. "Futi sita kasoro inchi moja. Mabega nayo mapana, nitakuachia nafasi."

Imrani akacheka. "Duh, mzee una macho! Umejifunza wapi kupima hivyo?"

Na yule bwana, kwa kuwa hajui kusema uongo hata wa biashara, akamwambia.

Sijawahi kuona pikipiki ikiwashwa kwa teke moja namna ile. Kofia yake ya kuendeshea aliiacha juu ya kitanda. Saturnini aliiokota, akaifuta vumbi, akaitundika kwenye msumari, akabaki ameshika tepu ambayo hakuitumia. Nilimkasirikia sana. Nikamwambia, "Satu, ungefumba mdomo ungekufa?" Akaniambia, "Sasa aliniuliza." Mtu wa namna hiyo utamsaidiaje?

Wiki iliyofuata, siku ya gulio, akaja bibi mmoja kwa miguu kutoka kituo cha mabasi. Mfupi, mkavu, kapu la ufuta kichwani, kanga kiunoni. Alisimama mbele ya kibanda, akaanza kuongea kabla hajatua mzigo.

"Hapa ndipo kwa yule ntu aliyenkimbiza nkwe wetu? Mjukuu wangu Zulfa analia, bwana harusi amerudi nyumbani anatetemeka, kofia hana. Nikasema ngoja nikanwone mwenyewe. Nilidhani nitakuta mapembe."

Ndiye Bi Mwanawetu wa Mandawa. Saturnini akavua miwani ya kuchomelea, akainama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mngoni, bibi. Wa Songea."

Bibi akatua kapu. Akavua na kandambili, nikajua kuna jambo.

"Nngoni!" akapiga ukelele mpaka wauza nyanya wakageuka. "Ndiyo maana! Babu zako walikuja kwetu na mikuki, wakaondoka na mbuzi zetu. Haya, mbuzi ziko wapi?"

Wangoni na Wamwera ni watani. Mababu walichomana mikuki, wajukuu wamebaki kuchomana maneno, na mtani haruhusiwi kukasirika, atachukua chako na utamchekea. Lakini miaka yote aliyokaa huku, Saturnini hakuwahi kutaniwa na Mmwera hata mmoja. Nani amtanie mtu wa mochwari? Nilimwona uso unamfunguka polepole.

"Bibi," akasema, "wale mbuzi walikuwa wamekonda. Babu aliona huruma, akawachukua kwenda kuwalisha."

"Wamenenepa?"

"Walinenepa sana. Tukawala."

"Basi kitanda hiki ndio mbuzi zangu." Akapanda kwenye kitanda cha mbele, kile chenye maua makubwa, akajinyoosha juu ya mbao, akajifunika kanga mpaka usoni. "Siamki mpaka nilipwe."

Hivi ndivyo mtani anavyofanya msibani: anashuka kaburini kabla ya maiti, analala humo, hatoki mpaka wafiwa wamlipe. Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo kwenye biashara ya mtu, tena mchana wa gulio. Simu ya Saturnini ikalia. Hospitali. Akanitazama, nikamwambia nenda, nitakaa naye. Akanawa, akaenda.

Kosa ni kwamba bibi aliondoka Mandawa alfajiri na barabara yenyewe ni ya vumbi na mashimo. Akalala kweli. Usingizi wa mzee, kifua hakionekani kupanda wala kushuka. Bodaboda mmoja akapita, akaona kibanda cha mtu wa mochwari, kitanda, na mtu mdogo amelala amefunikwa gubigubi. Habari ilifika sokoni kabla yake. Ilipofika kwenye mbaazi ilikuwa bibi amejaribu kitanda akazimia, ilipofika kwenye dagaa alishakufa, na ilipofika stendi alikuwa amekufa na mjukuu wake tumboni mwa mama yake. Watu wakajaa. Mama mmoja akaangua kilio cha nguvu. Nikamuuliza, "Unamjua?" Akasema, "Simjui, lakini inauma."

Nilisema mpaka koo likakauka kwamba amelala. Nani anisikilize? Nilimgusa bibi bega, akakoroma kidogo, waliokuwa karibu wakasema ndiyo roho inatoka.

Saturnini akarudi na sare zake za hospitali, na hilo ndilo lililomaliza kabisa. Umati ukapasuka katikati. Alisimama pale, akaona kanga, akaona watu, akamwona na Felomena aliyetoka shule mbio akiwa na rula mkononi. Alielewa. Hapo akianza kujitetea, kibanda kimekwisha, mashine inauzwa kesho na yeye atabaki mtu wa mochwari mpaka na yeye apelekwe huko.

Akachukua tepu. Akamwendea bibi, akaikamata ncha kwenye kisigino, akaivuta polepole mpaka utosini. Hata kuku waliacha kudonoa.

"Futi nne na kidogo," akatangaza. "Wamwera wafupi hawa. Chuma kitabaki. Nitatengenezea mtego wa panya, mboga ya kwao."

Kutoka chini ya kanga sauti ikajibu: "Ntego huo utaanza kukunasa wewe, Nngoni!"

Jamani. Waliokimbia walikimbia. Yule mama aliyekuwa akilia aliruka ndani ya duka langu, akamwaga oili na akakaa juu yake. Bwana wa chatu na jembe nilimwona kwa mgongo tu. Bibi akaketi, akafunua uso, akawatazama waliobaki kwa dharau.

"Nnakimbia nini? Kitanda hiki nimegeuka kushoto, nimegeuka kulia, hakijalia hata nyii. Kile cha mbao cha marehemu babu yenu kilikuwa kikiwasimulia majirani kila kitu. Wenye mabinti wa kuoza, nnasikia? Kitanda kisicholia!"

Akina mama wakaangaliana. Mmoja akafunika mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika, kikaja kicheko kimoja, kikafuata kingine, pakawa hakuna wa kumzuia mwenzake. Hata Felomena aligeukia ukuta wa mabati akacheka huko.

Bibi akanyoosha mkono. "Haya Nngoni, nipe nkono niinuke."

Saturnini alisita. Akauangalia mkono wake kama mtu aliyeazimwa kitu asijue kukitumia. Bibi akaudaka mwenyewe, akajivuta, akasimama, na hakuuachia.

"Una joto," akasema kwa mshangao, bila utani. "Nilidhani utakuwa wa baridi."

Kitanda alikichukua bila kulipa, kikafungwa juu ya gari la ufuta lililokuwa likienda Ruangwa. Lakini vilivyobaki havikumaliza msimu. Vyote vilikwenda, na vingine vikaagizwa. Wakaja wa Marambo, wakaja wa Mbwemkuru, akina mama wakinong'ona, "Ni hivi visivyolia?" Imrani mwenyewe alirudi kuchukua kofia yake na kitanda cha kumlaza Zulfa, maana kile cha kwanza bibi alikitia chumbani kwake akasema maharusi ni vijana, watalala popote. Habari ya kuuza mashine haikusikika tena, na shamba la Marambo likanunuliwa vile vile.

Ila mkono, bado. Hapo ndipo watu wanaponiudhi. Mtu anakinunua kitanda, anakisifu, anakipanda na mkewe, lakini hela anamwambia Saturnini, "Naiweka hapo kwenye stuli, fundi." Kwenye stuli! Anaiweka, anarudi nyuma, Saturnini ndipo anaichukua. Imrani naye aliweka kwenye stuli, akaondoka bila kuzima pikipiki. Saturnini hakulalamika. Nilimwambia aichome moto hiyo stuli, akasema, "Mbona wanakuja, Stefano. Tuwape muda." Alikuwa anasema hivyo huku akinawa.

Bi Mwanawetu peke yake ndiye aliyekuwa akija kila auzapo ufuta, anapanda kitanda kipya, anajifunika, anadai mbuzi, haamki mpaka aletewe chai na chapati. Akimaliza: "Nipe nkono niinuke." Alimtukana Saturnini matusi ambayo mke wangu Makrina alikuwa akiyazibia masikio, tena kwa vidole vilivyoachana. Siku bibi asipotokea, Saturnini anachoma vibaya.

Mwaka huu, baada ya masika, habari zikaja kwamba Bi Mwanawetu amefariki usingizini huko Mandawa. Mzee aliyesahau hata alizaliwa lini, ameswali, amekula, amelala, hakuamka. Kifo cha kuombea. Lakini Nachingwea ilisikia neno moja tu: amefia kwenye kitanda cha Saturnini. Siku hiyo hiyo wateja wawili wakapiga simu kwamba harusi zimeahirishwa. Nikawaka. Mikeka imelaza wafu tangu dunia iumbwe na hakuna aliyeususia mkeka! Nilisema hayo kwa sauti pale kibarazani, watu wakavuka barabara, sasa na mimi nikawa naogopwa.

Saturnini alizima mashine, akaomba ruhusa kazini, akaniambia, "Nipeleke Mandawa." Akavaa shati jeupe la kanisani, na mimi nikavaa langu.

Tulipofika msibani watu walijibana. Nilisikia mmoja akinong'ona, "Amekuja kumchukua?" Saturnini akapita katikati yao mpaka mlangoni, akaweka mikono kiunoni, na ile sauti ya masomo ya kanisani ikatoka kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Nimekuja kuchukua kitanda changu! Marehemu hakulipa! Amekula chapati zangu, amekunywa chai yangu, sasa amelala moja kwa moja ili asinilipe! Wamwera wezi nyie!"

Mzee mmoja akagutuka. "Kumbe mtani! Ni Mngoni!" Na kuanzia hapo hakuna aliyemweza tena. Aliomba kanga ya marehemu akajifunga kiunoni, akatembea kama yeye, akapanda kile kitanda chake chenye maua akadai chai. Zulfa, macho yamevimba kwa kulia, alicheka mpaka akakaa chini.

Makaburini tulikwenda wanaume. Kaburi liko tayari, jeneza limetuliwa pembeni, ustadhi anakunja mikono ya kanzu. Saturnini akavua viatu, akashuka. Akalala chini kabisa, akajifunika uso kwa ile kanga.

"Mmechimba refu mno," akasema kutoka humo. "Bibi ni futi nne na kidogo. Nilishapima."

Watu wakacheka, wakaanza kutupa sarafu na noti, kama desturi. Zikamwangukia kifuani. Akaziokota moja moja akazirusha nje.

"Sitaki hela. Hela mnaniwekea kwenye stuli kila siku."

"Sasa unataka nini, mtani?" mtu akauliza.

"Nipeni mkono niinuke."

Hakuna aliyecheka. Nilianza kusogea, nikasimama, nikajua si mkono wangu anaoutaka, wangu anao. Watu waliangalia udongo. Wengi wao wanalala kwenye vitanda vyake, nawajua mpaka rangi walizochagua. Kule chini kanga ilikuwa ikipanda na kushuka kwa pumzi, na haikuwa pumzi ya mtu anayetania.

"Jamani," ustadhi akasema, "mtani akidai hulipwa, na maiti haisubirishwi."

Imrani akapiga magoti kwenye ukingo. Akafuta kiganja kwenye suruali yake, akaunyoosha mkono mpaka bega likaingia kaburini. Saturnini akafunua uso, akautazama mkono ule, akaushika. Imrani akavuta. Yule Mngoni akajifanya mzito.

"Mmoja hatoshi," akasema.

Akaja wa pili, akaja na yule mzee aliyegutuka, ikaja mikono mingine ambayo hata sijui ya nani, wakamvuta kwa pamoja mpaka akatoka, udongo mwili mzima. Imrani hakuuachia mkono. Alisimama naye macho kwa macho.

"Ahsante fundi," akasema. "Kwa kitanda cha bibi. Na cha kwetu."

Saturnini akalia. Alilia wazi wazi mbele ya wanaume wote, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia na misiba yote ile, na waliokuwa nyuma wakaja mmoja mmoja wakampa mkono, ndipo tukamzika bibi yetu.

Baada ya mazishi kulikuwa na pipa la maji na sabuni njiani, kila mtu ananawa. Nikanawa, nikamshikia kata Saturnini. Akapita. Akalipita pipa kama halimhusu, mikono ameiachia wazi mbele yake, akaenda kusimama kwenye pikipiki.

Nikapanda, naye akapanda nyuma, na kwa kuwa barabara ya Mandawa haina adabu, akanishika mabega kwa mikono yote miwili mpaka Nachingwea. Shati langu lilikuwa jeupe. Makrina amelifua na kulifua, alama za viganja hazitoki, sasa nimemwambia aliache hivyo hivyo.